Damu inayookoa ni ile iliyotangulia

Tone la damu yangu lilidondoka ndani ya maji ya bluu, likashuka kidogo, likasita katikati ya kigilasi, kisha likaanza kupanda taratibu. Mhudumu aliyekishika hakuhitaji kusema kitu, uso wake ulitosha. "Mwanangu, leo sikuchukui," alisema. "Damu yako imeelea. Nenda kapumzike, kula vizuri, urudi baada ya miezi mitatu." Nilimjibu kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia: "Mama, mtu yuko chumba cha upasuaji sasa hivi. Miezi mitatu ya nini?"

Mtu mwenyewe alikuwa mwenzetu kazini. Alikuwa amejifungua usiku ule na damu ikakataa kukatika. Alfajiri ujumbe ulizunguka kwenye simu zetu: wanahitajika wachangiaji, kundi lolote, haraka. Tulikwenda saba. Mimi nilitoka moja kwa moja zamu ya usiku, tumboni nina chai tupu. Wawili tulikataliwa kwa upungufu wa damu, mmoja kwa presha iliyopanda, mmoja kwa sababu alikuwa katikati ya dozi ya antibiotiki. Wa tano alizirai sindano ikiwa bado mkononi, ikabidi wamchomoe kabla chupa haijafika nusu. Wawili tu ndio waliomaliza salama. Jioni nikapata habari iliyonikaa moyoni mpaka leo: hata damu ya wale wawili haikumfikia mwenzetu siku ile, kwa kuwa ilikuwa bado maabara. Waliomwokoa ni watu waliochangia siku nyingi kabla, wasiomjua kwa jina wala kwa sura, na chupa zao zilikuwa zimeshapimwa zikawekwa kwenye jokofu zikimsubiri yeyote atakayekuja.

Ushauri wa kujiandaa kuchangia damu karibu kila mtu anaujua kwa moyo: kunywa maji, kula, lala. Ni ushauri sahihi, na nitaurudia humu pamoja na sababu zake. Lakini nadhani tumeuweka mahali pasipo pake. Tumeufanya maandalizi ya asubuhi moja, tena asubuhi ya dharura, wakati kazi hasa ya kujiandaa ni ya wiki na miezi. Dharura ndiyo saa mbaya kuliko zote za kuanza.

Fuata safari ya chupa moja, yaani mfuko mmoja wa damu, uone. Ikishajaa haiendi wodini. Sampuli zake zinapelekwa maabara kupimwa kundi la damu, Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani linataka kila chupa ipitie kabla ya kumfikia mgonjwa. Zipo nchi zinazoongeza vingine kulingana na magonjwa yaliyopo kwao. Wakati huohuo damu yenyewe inazungushwa kwa kasi kwenye mashine ili itengane: chembe nyekundu chini, plazma, yaani maji ya damu yenye rangi ya manjano, juu, na katikati utando mwembamba wenye chembe nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6 kwa siku 35 mpaka 42, kutegemea dawa iliyomo ndani ya mfuko. Plazma ikigandishwa hudumu mwaka na zaidi. Chembe sahani ndizo zenye maisha mafupi: hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, zikitikiswa bila kukoma, na baada ya siku 5 au 7 hazifai tena. Mtoto anayetibiwa saratani ya damu anazihitaji mara kwa mara, na hakuna namna ya kuziwekea akiba ya mwezi. Lazima kila wiki apatikane mtu aliyekuja kukaa kwenye kile kiti.

Kupata siku hizo 35 tu kuliwatoa watu jasho. Karl Landsteiner alichapisha ugunduzi wake wa makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, na tarehe yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo leo inaadhimishwa kuwa Siku ya Wachangiaji Damu Duniani. Lakini kujua makundi hakukutosha, kwa sababu damu ikitoka mwilini huganda ndani ya dakika chache. Madaktari wa miaka ile walilazimika kumlaza mchangiaji ubavuni mwa mgonjwa, wakachana ngozi na kuunganisha mshipa wa mmoja na wa mwingine. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Ubelgiji na Luis Agote wa Argentina, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba chumvi iitwayo sitreti huizuia damu isigande. Mwaka uliofuata Richard Lewisohn, akiwa New York, akapata kipimo cha sitreti kisichomdhuru mgonjwa. Mwaka 1916 Peyton Rous na Joseph Turner wakaongeza sukari, damu ikaweza kuhifadhiwa kwa wiki kadhaa, na mwaka 1917 daktari wa jeshi Oswald Robertson akawa anaweka chupa za damu kwenye barafu karibu na uwanja wa vita kabla majeruhi hawajaletwa. Chicago ikafuata mwaka 1937, ambako Bernard Fantus alifungua hifadhi ya hospitali na kuipa jina linalotumika hadi leo, benki ya damu.

Naisimulia historia hii kwa sababu moja. Wote hao walihangaika kutenganisha saa ya kutoa na saa ya kupokea, ili mchangiaji asilazimike kuwepo mgonjwa anapovuja damu. Walifaulu, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi tulioitikia ujumbe ule wa alfajiri tulikuwa bado tunachangia kwa mtindo wa 1913, kila mmoja akisubiri aitwe akalale ubavuni mwa mgonjwa wake.

Wingi wa watu siku ya maafa hauondoi tatizo hili. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 nchini Marekani, mamia ya maelfu ya watu walijipanga kuchangia. Majeruhi waliohitaji kuongezewa damu walikuwa wachache, kwa sababu wengi wa waliokumbwa walikuwa wameshafariki. Chupa zilizotumika kwao hazikufika 300. Maelfu ya chupa zilizokusanywa wiki zile zilipitwa na muda zikamwagwa, na kila aliyetoa alipaswa kungoja wiki 8 kabla ya kurudi. Siwalaumu watu wale hata kidogo, maana mimi mwenyewe ningekuwa mstarini. Nasema tu kwamba huruma iliyomiminika yote siku moja haikai kwenye jokofu mpaka siku ya 43.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaeleza vizuri nani anaumia tunapongoja kuitwa. Kati ya chupa milioni 118.5 zinazokusanywa duniani kwa mwaka, asilimia 40 hukusanywa katika nchi tajiri, ambazo zina asilimia 16 tu ya watu wote. Katika nchi hizo, kwa kila watu 1,000 kunapatikana chupa 31.5, katika nchi zenye kipato cha chini ni 5. Na wanaopokea damu si wa aina moja. Kwenye nchi tajiri wengi ni wazee wa zaidi ya miaka 60. Kwenye nchi maskini, hadi asilimia 54 ya damu inayotolewa kwa wagonjwa huenda kwa watoto wa chini ya miaka 5, wengi wao wakiwa na upungufu mkubwa wa damu, na malaria ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Mtoto wa namna hiyo akifika anapumua kwa shida, viganja vyeupe, hana saa sita za kusubiri mjomba atafutwe, apimwe, achukuliwe damu, na damu hiyo ipimwe. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua naye anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili.

Kuna hatari nyingine katika damu ya kuitwa, nayo haizungumzwi vya kutosha. Ndugu wa mgonjwa akiambiwa "leteni watu wawili wachangie", anaingia kwenye kile chumba akiwa na mzigo mabegani. Familia nzima inamtazama. Akiulizwa maswali ya faragha, kuhusu wapenzi wake, kuhusu sindano, kuhusu homa ya wiki iliyopita, kusema "ndiyo" kunamfanya arudi nje mikono mitupu na kuwaeleza watu kwa nini. Wengi hapo husema "hapana". Sidhani wana nia mbaya, ila wamewekwa mahali ambapo ukweli una gharama kubwa. Aliyekuja kwa hiari yake, siku ya kawaida, hana anayemsubiri mlangoni. Akisema "leo sifai" anaondoka na heshima yake yote. Ndiyo maana wataalamu duniani kote wanasisitiza kwamba damu salama zaidi ni ya mchangiaji wa hiari, asiyelipwa, anayerudi mara kwa mara.

Na ukweli huo una uzito kuliko kipimo chochote. Mtu akiambukizwa virusi leo, kuna siku kadhaa, na kwa vipimo vya kawaida hata wiki kadhaa, ambazo virusi vimo mwilini lakini maabara haivioni. Damu yake ikichukuliwa siku hizo itapita vipimo vyote na kubandikwa alama ya usalama. Na kwa kuwa chupa moja hugawanywa, inaweza kuwafikia wagonjwa watatu. Kwa hiyo naomba, kwa moyo wangu wote: mtu yeyote asiende kuchangia damu kwa lengo la kujua hali yake ya afya. Zipo sehemu za kupima, na humo hakuna mgonjwa anayesubiri upande wa pili. Na kama umeshatoa damu, ukafika nyumbani ukakumbuka jambo ulilolificha au ulilolisahau, rudi au piga simu uwaambie waiondoe chupa yako. Wataiondoa bila kukuuliza mengi.

Sasa nirudi kwenye lile tone lililoelea. Yale maji ya bluu ni myeyusho wa salfeti ya shaba, uliotengenezwa kwa uzito maalumu. Damu yenye himoglobini ya kutosha, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, ni nzito kuliko myeyusho huo, hivyo tone huzama. Damu iliyopungukiwa ni nyepesi, nayo huelea au husita. Ni kipimo cha zamani na sehemu nyingi sasa zina kifaa kidogo kinachosoma namba, lakini swali ni lilelile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mwanamke awe na angalau gramu 12 za himoglobini katika desilita moja ya damu, na mwanamume gramu 13. Zipo nchi zinazopandisha kidogo. Chini ya hapo hawakuchukui, na hawakufanyii ukatili. Wanakulinda wewe, na pia hawataki kumpa mgonjwa damu nyepesi.

Himoglobini hujengwa kwa madini ya chuma, na hapa ndipo maandalizi ya asubuhi moja yanaposhindwa kabisa. Katika mililita 450 zinazochukuliwa kwenye chupa ya kawaida, mwili hupoteza miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kutoka kwenye chakula cha kawaida mwili hunyonya takriban miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, na nyingi kati ya hizo zinafidia tu kile unachopoteza kila siku. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu hurudi ndani ya wiki 4 hadi 8 hivi. Chuma kilichotoka kwenye akiba kinaweza kuchukua miezi mingi kurudi. Mtu anaweza akawa na himoglobini nzuri kwenye kipimo huku akiba yake ikiwa imekaribia kwisha, sawa na mtu mwenye fedha za matumizi mfukoni lakini benki hana kitu. Atachangia leo, na mara ijayo tone lake litaelea.

Wanawake wa umri wa kuzaa wanapaswa kulisoma hilo mara mbili, kwa kuwa wao hupoteza chuma kila mwezi. Ndiyo maana nafasi kati ya uchangiaji mmoja na mwingine haifanani: England, kwa mfano, wanaume husubiri wiki 12 na wanawake wiki 16. Nchi nyingine zina hesabu zake, nawe fuata za mahali unapochangia. Katika wiki zile za kungoja, kula vyakula vyenye chuma: nyama nyekundu, maini, samaki, maharage, dengu, mboga za majani zenye kijani kizito. Chuma cha mimea hunyonywa kwa shida kuliko cha nyama, lakini kikiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, chungwa au nyanya mbichi, kinanyonywa vizuri zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo zisiambatane na mlo. Zipe saa moja au mbili. Mimi nilikuwa nakunywa chai na kila mlo na katikati ya milo, kwa miaka. Wachangiaji wa mara kwa mara, hasa vijana na wanawake, wanaweza kuhitaji vidonge vya chuma, na hilo ni la kuzungumza na mtoa huduma, si la kujiamulia dukani.

Ile siku yenyewe ina mambo yake, ila ni machache. Usingizi wa kutosha usiku uliotangulia. Pombe isiguswe kwa saa 24, kwa kuwa inakausha maji mwilini. Usifunge, usiende na njaa. Kula saa mbili tatu kabla, na mlo usiwe wa mafuta mengi, kwa sababu ambayo watu wengi hawajaisikia: mafuta uliyokula yanaingia kwenye plazma. Plazma ya mtu aliyekula kawaida ni ya manjano na unaona upande wa pili, ya mtu aliyetoka kula vyakula vya kukaanga huweza kuwa nyeupe na nzito kama maziwa. Vipimo vingi vya maabara hutegemea mwanga kupenya kwenye sampuli, na hapo mwanga haupenyi. Umechangia, umechomwa, umepoteza muda wako, na chupa inaweza kutupwa kwa sababu ya kilichokuwa kwenye sahani.

Kuhusu maji, watu husema tu "kunywa maji mengi". Inafaa kusema lini na kwa nini. Anayezirai kwenye kiti cha kuchangia mara nyingi haziraishwi na wingi wa damu iliyotoka peke yake. Mwili wake, kwa hofu, uchovu au upungufu wa maji, hupeleka ishara isiyo sahihi: mapigo ya moyo yanashuka, mishipa inatanuka, presha inaporomoka, na ubongo unakosa damu kwa sekunde kadhaa. Yule mwenzetu wa tano ndivyo ilivyomkuta. Alianza kupiga miayo, jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, akasema anasikia sauti kutoka mbali, kisha shingo ikalegea. Wanaoathirika zaidi ni vijana, wanaochangia kwa mara ya kwanza, na wenye miili midogo. Nusu lita ya maji ikinywewa ndani ya nusu saa kabla ya sindano huipandisha presha kidogo na kupunguza uwezekano huo. Jambo la pili ni la misuli: ukiwa umelala kitini, pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio kwa sekunde chache, legeza, rudia. Misuli ikikaza inaisukuma damu irudi juu. Ukihisi dalili zile, sema mara moja. Usione haya, wahudumu wanapenda kuambiwa mapema kuliko kumdaka mtu sakafuni.

Mengine ni ya kawaida: kitambulisho, nguo yenye mikono inayokunjika bila kubana, orodha ya dawa unazotumia. Usiache dawa uliyoandikiwa na daktari ili upate kuchangia. Taja unachotumia, waamue wao. Waliochora tatuu karibuni, waliofanyiwa upasuaji, waliotoka safari ya eneo lenye malaria, wajawazito na waliojifungua karibuni, wenye mafua au homa, wote husubiri kwa muda tofauti. Kwa kawaida mchangiaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, ingawa zipo nchi zinazokubali kilo 45 kwa chupa ndogo ya mililita 350.

Kitini kwenyewe hakuna mengi. Sindano ni nene kuliko ya kutibu malaria au ya chanjo, na ina sababu: chembe nyekundu zipite bila kupasuka. Inauma kwa kitambo, kisha hubaki hisia ya kubanwa. Mililita chache za kwanza huelekezwa kwenye kifuko cha pembeni, kwa kuwa sindano ikipenya ngozi inaweza kubeba vijidudu vya juu ya ngozi. Kifuko hicho ndicho kinachotoa sampuli za vipimo. Damu inayofuata inaingia kwenye mfuko mkuu unaobembezwa polepole kwenye mizani ili ichanganyike na ile sitreti ya akina Hustin na Agote. Dakika 8 hadi 10, basi. Muda mwingi wa ziara yako unapita kwenye maswali na mapumziko.

Na mapumziko ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Watu husimama, hushukuru, hukimbilia kazini. Kaa dakika 15, kunywa kitu, kula kidogo. Kuna wanaozirai baadaye, wakiwa kwenye ngazi au wamesimama kwenye basi, na kuanguka huko ni kubaya zaidi maana hakuna wa kukudaka. Bonyeza pamba mkono ukiwa umenyooka. Usibebe mizigo kwa mkono huo siku hiyo, usipande juu ya paa wala kuendesha mashine nzito. Ukiugua homa siku chache baadaye, wajulishe, kwa sababu chupa yako huenda bado ipo jokofuni.

Nimewasikia wengi wakisema hawachangii tena kwa sababu walitoa bure, kisha mgonjwa wao akadaiwa. Siwezi kuyapuuza malalamiko hayo. Ni kweli mfuko, vipimo, umeme wa jokofu na mshahara wa fundi wa maabara vina gharama, na lazima zitoke mahali fulani. Lakini damu yenyewe haina bei, na hospitali inayomtoza mgonjwa bila kumfafanulia anacholipia inaua imani ya watu kumi kwa risiti moja. Palipo na uwazi, watu hurudi. Nchini Sweden mchangiaji hupata ujumbe wa simu damu yake inapotumika kwa mgonjwa. Haumtaji mgonjwa, wala hauna maneno mengi. Natamani kila benki ya damu duniani ijifunze hilo kabla ya kuchapisha bango jingine la kuhimiza.

Wapo pia wanaoogopa sindano, na hao nawatajia James Harrison wa Australia. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua, akaokolewa kwa damu za watu asiowajua. Alianza kuchangia mwaka 1954, na baadaye ikagundulika kwamba plazma yake ilikuwa na kingamwili adimu inayotumika kutengeneza dawa ya kuwakinga watoto ambao damu yao haipatani na ya mama zao kwa kipengele cha Rh, kile kinachoifanya damu iitwe chanya au hasi. Alichangia mara 1,173, hadi mwaka 2018 alipofikisha umri ambao sheria haikumruhusu kuendelea. Alifariki Februari 2025. Mtu huyo hakuzipenda sindano, na kila mara, kwa zaidi ya miaka 60, aliangalia pembeni. Plazma hurudi upesi, ndiyo maana aliweza kuketi kitini kila baada ya wiki mbili tatu. Sisi wa damu nzima zamu yetu ni mara tatu au nne kwa mwaka.

Nilirudi baada ya miezi minne. Mwenzetu alikuwa ameshaanza kazi, mtoto anakaa. Hakukuwa na ujumbe wowote kwenye simu, hakukuwa na mtu chumba cha upasuaji ninayemjua. Nilikuwa nimelala, nimekula, nimekunywa maji yangu dakika 20 kabla. Mhudumu alikuwa yuleyule, ingawa hakunikumbuka. Alidondosha tone, nami nikainama kulitazama kwa karibu: lilikwenda moja kwa moja chini, kama kijiwe, likatulia kwenye sakafu ya gilasi.

Chupa ilipojaa alibandika karatasi yenye mistari na namba, bila jina langu. Akaiweka kwenye kisanduku pamoja na nyingine tano, akafunga mfuniko. Kisha akaichukua kadi yangu na kuniandikia tarehe ya kurudi.